Sura ya Sita: Sindano Inayotangulia Uzi

Majeraha ya Rumonge huja kwa saa zake. Alfajiri, mitumbwi iliyokesha kwenye Ziwa Tanganyika na taa zake ikirudi na samaki, ndagala na mukeke, huja waliochomwa na ndoano, waliochunwa na kamba, waliobanwa vidole kati ya ubao na ubao. Jua likipanda huja watu wa michikichi: huyu alikuwa juu akikata shada panga likateleza, yule alikuwa chini akiokota mwiba ukazama kiganjani. Jioni ni zamu ya watoto, na kipande cha chupa ufukweni ndicho adui wao mkubwa. Na saa yoyote, mchana au usiku wa manane, yupo mama aliyejifungua akachanika. Tangu Mei 2006, pale serikali ya Burundi ilipofuta malipo ya uzazi na ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5, akina mama wengi ambao zamani wangemalizana na uchungu wao nyumbani sasa hufika mikononi mwa wauguzi.

Wote hawa, kabla ya uzi, hukutana na sindano ya ganzi. Na ukikaa nao barazani wiki moja baadaye, utashangaa wanachokumbuka. Panga wanalitaja kwa neno moja tu. Sindano ndiyo wanayoisimulia kwa kirefu, uso ukiwa umekunjwa, mkono ukionyesha ilipoingia.

Ni jambo la kusikitisha, kwa sababu sindano hiyo haina haja ya kuuma hivyo. Sehemu kubwa ya maumivu yake haitokani na dawa. Inatoka kwenye mkono wa anayechoma na kwenye haraka yake. Na yanayoyapunguza hayahitaji mashine wala umeme. Yanawezekana Minago, Karonda na Nyanza-Lac kama yanavyowezekana Bujumbura, kilomita zipatazo 70 kaskazini mwa Rumonge, au kwenye hospitali yoyote ya Ulaya.

Tuanze na dawa yenyewe, maana asili yake ni ya kusisimua. Ganzi ya kwanza ya kisasa ilikuwa kokaini: mwaka 1884 huko Vienna, daktari kijana Carl Koller alionyesha kwamba matone yake yakiingia jichoni, jicho linaweza kupasuliwa mtu akiwa macho na asisikie kitu. Lakini kokaini ilileta uraibu na vifo, na prokaini iliyofuata mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa dhaifu na haikudumu. Tunayoitumia leo, lidokaini, ilianzia kwenye shayiri. Mwaka 1935 huko Stockholm, wanakemia waliokuwa wakichunguza kemikali moja ya mmea huo walitengeneza, kwa kukosea, pacha wake. Mmoja wao, Holger Erdtman, akaionja kama ilivyokuwa desturi ya wanakemia wa enzi zile. Ulimi ukafa ganzi. Mwenzake Nils Löfgren akaendelea na kazi hiyo mpaka mwaka 1943 alipopata kemikali iliyopewa alama ya LL30, herufi hizo mbili zikiwa za jina lake na la mwanafunzi wake, Bengt Lundqvist. Lundqvist hakutafuta mtu wa kumjaribia. Alijidunga mwenyewe, akapima ganzi inafika wapi na inakaa muda gani. Mwaka 1948 kampuni ya Astra iliiingiza sokoni kwa jina la Xylocaine, na leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kichupa chake utakikuta kwenye kabati la kituo cha afya kidogo kabisa.

Basi kwa nini dawa iliyotengenezwa ili kuua maumivu inauma?

Inauma mara tatu, na kila mara kwa sababu yake. Kwanza ni ncha kutoboa ngozi, ambako mishipa ya fahamu imejaa kuliko sehemu yoyote ya chini yake. Pili ni nyama kutanuliwa ghafla na kimiminika kinachosukumwa kwa nguvu. Hapa ndipo watu wengi hupigia kelele. Tatu ni ule mwasho wa moto unaofuata, na huo hutokana na asidi.

Lidokaini huwekwa chupani ikiwa chumvi ya asidi ili iyeyuke vizuri na isiharibike. Kwenye kipimo cha pH, ambacho 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni alkali, damu yetu husimama kwenye 7.4. Lidokaini tupu mara nyingi huwa kwenye 6 hivi. Ile iliyochanganywa na adrenalini kiwandani hushushwa zaidi, mpaka kwenye 4 hivi, kwa kuwa adrenalini bila asidi huharibika upesi. Hapo ukali wake umefikia ule wa juisi ya nyanya. Sasa fikiria mvuvi wa Rumonge. Maji ya Tanganyika ni ya alkali, pH yake inakaribia 9. Mtu huyu amekesha mikono yake ikiwa ndani ya maji hayo, na kulipokucha anaingiziwa chini ya ngozi kitu kilichoegemea upande wa pili kabisa. Mwili unakijua papo hapo.

Kuna tiba ya asidi hiyo, na ni ya bei nafuu: sodiamu baikaboneti ya sindano, ile ya asilimia 8.4. Mililita 1 yake ikichanganywa na mililita 9 au 10 za lidokaini, muda mfupi kabla ya kuchoma, pH hupanda karibu na ya mwili, mwasho hupungua, na ganzi yenyewe hushika upesi zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio yaliyofanywa juu ya jambo hili na wakakuta kwamba kweli maumivu hupungua. Mchanganyiko huo haufai kulazwa mpaka kesho. Wala usiigwe kwa bupivakaini, ganzi ile ya muda mrefu, kwa kuwa kwa kipimo hicho dawa huganda na kuwa chembechembe. Na baikaboneti ya jikoni isikaribie sindano hata siku moja.

Najua kinachosemwa: vituo vingi vya pwani hii havina kichupa cha baikaboneti. Ni kweli, na ndiyo maana sikai sana hapo. Mengine yote nitakayoeleza yanahitaji vitu ambavyo tayari vipo chumbani.

Kichupa kiwe na joto la mwili. Lidokaini haihitaji friji, lakini mara nyingine hupangwa humo pamoja na chanjo kwa sababu friji ndiyo kabati salama, na dawa ya baridi huuma zaidi. Kichupa kilichofungwa, kikishikwa kiganjani wakati muuguzi anasafisha kidonda na kuzungumza na mgonjwa, hupata joto la kutosha bila kupoteza dakika hata moja. Kisiwekwe motoni.

Halafu sindano. Namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba zaidi. Namba 21, ile ya kijani, ni ya kuvutia dawa kutoka kichupani. Ikishapita kwenye kizibo cha mpira ncha yake imeshaanza kuwa butu, na kumchomea mtu hiyo hiyo ni kumwonea. Ibadilishwe. Namba 27 au 30 ndiyo nzuri, na pale isipopatikana, bomba dogo la insulini, ambalo maduka mengi ya dawa huliuza kwa wagonjwa wa kisukari, lina sindano nyembamba ya namba hizo. Linatosha kabisa kwa tone la kwanza, na tone la kwanza ndilo linaloamua mengine.

Sasa tusogee karibu, kwenye meza yenyewe. Mvuvi mtu mzima amekaa, ndoano imezama kwenye kidole cha shahada, mwiba wake wa nyuma umeshika nyama. Ndoano ikivutwa ilikotoka, mwiba huo huchana kila inachokutana nacho, kwa hiyo itabidi isukumwe mbele hadi ncha itokee upande wa pili, mwiba ukatwe kwa koleo, kisha chuma kilichobaki kirudishwe kilikoingilia. Bila ganzi hilo ni mateso. Muuguzi kijana anamlaza, kwa kuwa hata wanaume wenye nguvu huzimia wakiwa wamekaa, na anakishika kiganja kikiwa kimefunguka.

"Mzee, nitaanzia hapa chini ya kidole. Ganzi itakwenda mpaka kwenye ndoano. Mwanzo utaona inawasha kidogo. Ikiacha kuwasha uniambie, mimi nasubiri."

"Haya, muganga."

Anaibana ngozi ya mkunjo, pale kidole kinapokutana na kiganja, kwa vidole vyake viwili. Hakubana kwa bahati tu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una namna ya kuchuja habari zinazopanda ubongoni, na kwamba habari za mguso na shinikizo zinaweza kuzizuia zile za maumivu. Mama anayemsugua mtoto goti aliloangukia anafanya hivyo hivyo bila kusoma kitabu chochote. Muuguzi anaiingiza sindano ikiwa wima, nyuzi 90, ili ikutane na mishipa michache ya fahamu kuliko kama ingelazwa. Mkono wake umeegemea mkono wa mgonjwa, kidole gumba kimeshatulia kwenye kisukumio, hivyo ncha haitikisiki. Anasukuma chini ya nusu mililita, polepole. Halafu anafanya jambo ambalo ni gumu kuliko yote: anaacha. Sindano imo ndani, mkono umetulia, hakuna kinachosogea.

"Bado inawasha?"

"Bado."

Kimya kidogo.

"Imeacha."

Hapo ndipo anaendelea na mililita 2 zilizobaki, kwa mwendo ule ule wa taratibu, akihakikisha dawa inatangulia na ncha inafuata, wala ncha haigusi mahali ambapo ganzi haijafika. Akilazimika kuchoma tena, anachoma ndani ya eneo lililokufa ganzi. Kisha anasubiri dakika 5 hadi 10 kabla ya kugusa ndoano. Wengine huchoma na kushona papo hapo, halafu husema dawa haina nguvu. Dawa ina nguvu. Haikupewa nafasi.

Njia hii nimeieleza kwa mtu mmoja, lakini aliyeipanga hatua kwa hatua ni daktari wa upasuaji wa mikono, Donald Lalonde, wa mji wa Saint John, Kanada. Mwaka 2013, yeye na wenzake walichapisha maelezo kamili ya namna ya kuchoma ganzi mgonjwa akaumia mara moja tu, pale ncha inapoingia. Lalonde alikuwa na sababu kubwa kuliko huruma peke yake. Alitaka mikono ipasuliwe kwa ganzi bila usingizi mzito, bila mtaalamu wa usingizi, hata bila mpira wa kubana mkono kuzuia damu, na hilo haliwezekani kama mgonjwa anaruka kila anapochomwa. Kwa nchi kama Burundi, ambako wataalamu wa usingizi ni wachache mno, nadhani kazi yake inatufaa sisi kuliko ilivyowafaa majirani zake.

Na alibomoa hofu moja kongwe. Vizazi vya madaktari vilifundishwa kwamba lidokaini yenye adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu, ikiingia kidoleni, kidole kitaoza. Mwaka 2005 Lalonde na wenzake walitoa taarifa ya upasuaji 3,110 wa vidole na mikono uliotumia adrenalini, na hakuna kidole kilichokufa. Walipochimba chanzo cha hofu hiyo wakakuta mtuhumiwa mwingine: prokaini ya zamani, ambayo ikikaa sana chupani iligeuka asidi kali hata kufikia pH ya 1. Asidi ile ile, kwa mara nyingine.

Vidonda vilivyopasuka vina faida yake. Kama ni safi, sindano isipitishwe kwenye ngozi nzima kando ya jeraha. Iingie kwenye ukingo ulio wazi, ndani ya nyama, ambako ncha haiumi sana. Mtu wa panga na mtoto wa chupa wote wanafaidika. Mama aliyechanika naye ni hivyo hivyo, na kwa upande wake nina ombi moja la nguvu: asishonwe bila ganzi kwa hoja kwamba ameshateseka vya kutosha na kwa hiyo hatasikia. Atasikia kila uzi.

Nilisema sehemu ya maumivu iko kwenye mkono. Nyingine iko mdomoni. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka hospitali moja ya Boston, kina mama waliokuwa wakijiandaa kwa sindano ya mgongoni waligawanywa makundi mawili, wote wakichomwa lidokaini ya ngozi kwanza. Wa kundi moja waliambiwa kwamba watapewa dawa itakayotia ganzi mahali pale ili wawe na raha. Wa kundi la pili waliambiwa watasikia kama nyuki mkubwa anawauma, na kwamba hiyo ndiyo hatua mbaya kuliko zote. Sindano ilikuwa ile ile. Wa kwanza walitoa alama ya maumivu ya 3 kati ya 10, wa pili 5.

Na sisi tunasemaje? "Kaza roho." "Itauma kidogo tu." "Wewe si mwanaume?" Kwa mtoto tunasema haiumi kabisa, kisha inauma, na kuanzia siku hiyo haamini tena chochote kinachosemwa na mtu mwenye koti jeupe. Muuguzi wa yule mvuvi hakudanganya wala hakutisha. Alisema anachofanya, alisema dawa itafanya nini, na akampa mgonjwa mamlaka ya kusema lini aendelee. Mtu aliyepewa mamlaka hayo hulegeza misuli.

Hili la uanaume lina mizizi mirefu pwani yetu. Kwenye familia za Waislamu wa Rumonge tohara ya mvulana ni siku ya heshima, na mvulana asiyelia husifiwa. Sina ugomvi na heshima hiyo. Ila uvumilivu wa mtoto si sababu ya mtu mzima kuchoma vibaya. Jirani zetu wameshatahiri wanaume wengi sana kwa ganzi, hasa baada ya majaribio ya Kisumu, Kenya, na Rakai, Uganda, yaliyochapishwa mwaka 2007, kuonyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Humo wamejifunza kwamba wengi huogopa sindano. Nchini Kenya wamejaribu krimu ya ganzi badala ya sindano kwa wanaotahiriwa kwa kifaa cha ShangRing, na ikafaa. Krimu ya aina hiyo huhitaji kukaa juu ya ngozi kwa muda, saa moja au karibu, na si rahisi kuipata kila duka la dawa. Lakini kwa tohara, ambayo siku yake hupangwa mapema, saa moja si kitu.

Mtoto mdogo asishikwe na watu wanne kama mwizi. Akae mapajani mwa mama au shangazi, amekumbatiwa, anayenyonya anyonye. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 juu ya kupunguza maumivu ya chanjo, na kukumbatiwa na kunyonya vimo humo.

Kuna neno la hatari ambalo siwezi kuliacha, kwa kuwa mkono mwororo usiojua kipimo unaua. Lidokaini tupu isizidi miligramu 4.5 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Dawa ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita, ya asilimia 2 ina 20. Mtoto wa kilo 10 mwisho wake ni miligramu 45, yaani mililita 4 na nusu za ile ya asilimia 1, au 2 na ziada ndogo za ile ya asilimia 2. Kazi nyingi za kushona hutimia kwa asilimia 1, hivyo dawa kali ikizimuliwa kwa maji ya chumvi ya sindano unapata kiasi maradufu kwa usalama ule ule. Kisukumio kivutwe nyuma kidogo kuona kama damu inaingia, ili dawa isimwagwe ndani ya mshipa. Mgonjwa akisema midomo inakufa ganzi, masikio yanavuma, au anasikia ladha ya chuma mdomoni, acha hapo hapo na uite msaada. Kinachofuata kinaweza kuwa degedege.

Wewe unayesoma huku ukiwa upande wa kuchomwa, nawe una la kusema. Unaweza kumwomba anayekuhudumia alaze kitanda. Unaweza kumwomba asukume polepole na asimame kidogo baada ya tone la kwanza. Umwambie mapema kama uliwahi kuzimia au kupata shida na sindano ya ganzi. Na akianza kushona ukasikia makali, sema. Anayo dawa nyingine kichupani. Sijaona muuguzi mwema aliyechukizwa na ombi lililosemwa kwa adabu, hata foleni ikiwa imefika barabarani.

Foleni ndiyo sababu inayotolewa kila mara, na ni ya kweli. Lakini hesabu yake hutoka tofauti na inavyodhaniwa. Kusimama nusu dakika na kusukuma taratibu huongeza dakika mbili tatu. Mtu anayeruka mezani, anayeng'oa mkono, anayehitaji kushikwa na wawili, hula dakika zaidi ya hizo, na mara nyingine huharibu mshono. Muuguzi mmoja anaweza kuwachoma ganzi wagonjwa watatu mfululizo, taratibu, kisha akarudi kwa wa kwanza na uzi, ganzi ikiwa imeshaiva.

Lalonde aliwafundisha wanafunzi wa udaktari na madaktari wachanga kwa njia isiyo na gharama yoyote. Kila walipomchoma mgonjwa, walimwomba ahesabu kwa sauti mara alizosikia maumivu: ncha ya kwanza ni moja, na kila linaloongezeka ni kosa la mchomaji la kujifunzia. Baada ya muda mfupi, wagonjwa wao wengi walikuwa wakiishia kwenye moja. Daftari la chumba cha kushonea, Rumonge au Kigwena, tayari lina safu ya jina, ya umri na ya aina ya jeraha. Nafasi ya tarakimu moja zaidi ipo pembeni.